Meza Wakati wa Maji Mafu

Jumanne, 6 Agosti

Filimbi. Ilipigwa mara tatu fupi, ikanyamaza, kisha mara moja ndefu iliyokatika katikati kana kwamba mpigaji ameishiwa pumzi. Nilikuwa dukani nikipanga ndoana kwa namba zake, na nilichofikiri kwanza ni kwamba kuna mechi mahali. Nikaendelea kupanga. Hilo ndilo linaloniuma sasa: niliisikia, nikaendelea kupanga.

Aliyepiga alikuwa karani mstaafu, mgeni wa juzi, amekwama Meza, lile jiwe bapa la kuvulia. Maji yalikuwa yameshafunika ulimi wa mawe unaoiunganisha Meza na ufuko, naye amebaki juu ya jiwe na kindoo chake cha chambo. Watu wa mashua ya ngisi ndio waliomfuata. Alipita dukani amelowa mpaka kiunoni, anacheka, akaiweka kauntani karatasi yangu ya sehemu za kuvua, imelowana.

"Nimezembea mwenyewe, mwanangu. Umeandika njia inabaki wazi kwa saa mbili na nusu, mimi nikasinzia."

Nikacheka naye. Alipoondoka ndipo nikakumbuka kwamba nilimwona akipita mbele ya duka saa kumi kasorobo. Filimbi niliisikia kabla ya saa kumi na moja kasorobo. Hakusinzia. Hakupata hata saa moja.

Jioni nilisimama jikoni mbele ya kalenda ya maji nikaliona kosa langu. Ule ulimi niliupima siku nne mfululizo mwisho wa mwezi uliopita, saa mkononi, daftari gotini, na zote nne zilikuwa siku za bamvu, mwezi mpevu, bahari inavutika mpaka mbali na mawe yanakauka kabisa. Sasa ni maji mafu. Bahari haitoki sana wala haijai sana, ulimi unachungulia nusu saa kisha unazama. Mimi, niliyesomea takwimu miaka mitatu, nimepima siku nne nikaandika kama niliyepima mwaka mzima. Karatasi mia nne, rangi mbili: "Sehemu Saba za Kuvua kwa Raha". Meza ni ya tatu. Chini kabisa, jina la duka la Baba.


Jumatano, 7 Agosti

Nilimwambia Baba wakati wa chai. Alikuwa akifunga ndoana kwenye mshipi, bila kuitazama kazi, vidole vinajiendea vyenyewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani hakuna ufundi mkubwa kuliko huo duniani. Akasema mtu mzima anayekwenda baharini anatakiwa ajue maji. Nikamjibu kwamba wageni wa bara hawajui maji, ndiyo maana tukawaandikia karatasi.

Kisha nikauliza nililotaka kuuliza tangu jana: si aliipitia kabla haijaenda kuchapwa? Yeye ndiye aliyenifundisha bamvu na maji mafu kabla sijajua kusoma. Kosa kama hili angeliona akiwa amelala.

"Niliipitia."

"Sasa?"

"Mambo yalikuwa mengi, mama."

Tumekubaliana, yaani yeye amesema na mimi nimenyamaza, kwamba zilizobaki dukani nitazisahihisha kwa kalamu nyekundu, na zilizokwisha kutoka tusizipigie kelele. Msimu wa kolekole ndiyo kwanza unaanza. Mwaka jana tulikaa Agosti nzima na wateja walewale watano, wote wazee, wote wanakuja kuzungumza tu. Mwaka huu wageni wanauliza njia mpaka kwa kinyozi.


Alhamisi, 8 Agosti

Kalamu nyekundu. Themanini na mbili. Mkono unauma.


Ijumaa, 9 Agosti

Sikuenda ufukweni. Nilisikiliza tu kama kuna filimbi.


Jumapili, 11 Agosti

Amekuja Nesi. Ni nesi wa zahanati yetu, mrefu, ana sauti ya kuita watu foleni, na siku zake za mapumziko zote huzimalizia Meza na ufito mmoja mkongwe wa kuvulia. Nilikuwa namwona mchoyo. Miaka yote akiulizwa kolekole wake amewavua wapi anajibu, "Baharini." Nilipoiandika Meza kwenye karatasi nilijisikia mtenda haki, kama niliyefungua mlango uliofungwa na mtu mmoja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe binti, siri yangu umeitoa kwa rangi mbili?"

Nikaanza kueleza kwamba bahari ni ya wote. Akanikatisha, akasema hajaja kugombania bahari. Alikuwa anakwenda Meza kwa sababu huko hakuna mtu anayemwonyesha kipele. Alhamisi alikuta watu saba, na wawili walimwonyesha vipele. Shangazi, aliyekuwa akipekua maboya kwenye kapu, alicheka mpaka akakaa.

Kisha Nesi akasogea karibu na sauti ikashuka. Akaniuliza ile saa mbili na nusu nimeitoa wapi. Nikamweleza bila kujitetea. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliuliza tu nani aliipitisha. Nikamwonyesha Baba kwa kidevu. Baba alikuwa mlangoni akimpimia mteja mshipi kwa mikono iliyotanuliwa. Nesi akamtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama mtu anayesema haumwi.

"Haya," alisema, akaondoka bila kununua kitu.


Jumanne, 13 Agosti

Bamvu limerudi. Nimelala usingizi kama watu wengine.

Asubuhi nilikwenda Meza mwenyewe. Ulimi umekauka, mawe meusi yamejipanga mstari mmoja, kila upande maji ya kina yametulia yana rangi ya chupa. Watu wanavua, wanagombana taratibu kuhusu nafasi. Mwanamume mmoja amenasa kolekole wa kilo nne au tano, gurudumu la mshipi linalia, mkewe anampiga picha zinazotoka kidole gumba chake tu. Kwa saa mbili na nusu karatasi yangu ilikuwa kweli tupu.

Baba alileta kundi la watu wanne. Anawavusha kwa namna yake: anamtanguliza mgeni, yeye anafuata mkono begani mwa mgeni, anasimulia. Wageni wanapenda. Nimewahi kumwonea wivu mgeni.


Alhamisi, 15 Agosti

Mvua kidogo. Chambo kimeharibika.


Jumamosi, 17 Agosti

Nimemkasirikia Baba kwa jambo dogo. Mteja alimuuliza mshipi fulani unabeba uzito gani, na Baba badala ya kutazama kibandiko akaupokea, akanitupia mimi, akasema, "Msomi wetu atusomee." Mteja akacheka. Ni mara ya tatu wiki hii. Nilisoma kwa sauti ya mwalimu wa zamu, ili ajue nimeumia. Nadhani anataka watu waone kwamba shule imenipa kazi ya kusoma vibandiko na kuandika makosa.

Shangazi naye kaanza. Nilihamisha kikombe cha Baba kutoka rafu ya chini kwenda ya juu na akanipandishia sauti kana kwamba nimehamisha kaburi. Akasema kikombe cha kaka yake kikae pale kilipokaa jana na juzi. Hii nyumba ina sheria ambazo hazijaandikwa popote.


Jumatatu, 19 Agosti

Maji yanaanza kupungua nguvu. Kesho kutwa ni maji mafu tena.

Leo nimezunguka kukusanya karatasi bila kumwambia Baba. Kwa kinyozi nimepata tatu, moja ina nywele. Bekari wamezitumia kuzuia meza isiyumbe. Kituo cha basi zimekwisha, na hilo limenitisha kuliko yote, maana zimekwisha maana yake ziko mifukoni mwa watu.

Kisha nyumba ya wageni. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa furaha, akanishika mkono kunionyesha kitu. Karatasi yangu ameitolea nakala na kuibandika nyuma ya kila mlango, juu ya ile ya bei, na ameifunika kwa plastiki isichakae. Vyumba kumi na vinne. "Kazi nzuri lazima itunzwe," alisema.

Nilimwambia kuna kosa. Akaniuliza kosa gani, nikafungua mdomo, nikakumbuka jina la duka pale chini na Baba akisema tusipige kelele. Nikasema kuna neno moja limekosewa herufi. Akasema hilo dogo, nani anatazama herufi.

Nimeandika hapa ili nisiweze kujidanganya baadaye: nilipata nafasi, nikasema herufi.


Jumatano, 21 Agosti

Naandika na nguo zangu bado zinachuruzika kwenye kamba.

Saa kumi na robo nilitoka dukani nikapanda kwenye ukuta wa bandari. Nimefanya hivyo kila alasiri, Baba anadhani nakwenda kupunga upepo. Kulikuwa na watu wawili Meza, wamekaa wameupa ufuko mgongo, wamestarehe. Mama mmoja fundi cherehani na binti yake wa shule ya msingi; jana walinunua kwetu ufito mdogo wa rangi ya chungwa. Wanalala nyumba ya wageni. Ulimi ulikuwa umeshaanza kukatika vipandevipande.

Nilikimbia. Nikapita mbele ya duka nikapiga kelele nisijue nimesema nini. Baba akatoka nyuma yangu, nikamsikia kwa viatu vyake. Nilipofika mwanzo wa ulimi maji yalikuwa yamefika magotini na yanavuta. Nikaingia. Chini ya maji mawe bado yanaonekana, mstari mweusi, na pembeni yake rangi inabadilika ghafla. Ukifuata weusi huna neno. Mama yule ameshaniona, amesimama, amemkumbatia mwanawe, ile karatasi iko mkononi, naye anaitazama karatasi badala ya kutazama maji. Nafikiri alikuwa anatafuta wapi amekosea.

Nikawafikia. Nikambeba mtoto mgongoni, mama akashika mkanda wangu. Tulipogeuka kurudi nilimwona Baba.

Alikuwa anakuja kutufuata, maji mapajani, uso ameunyanyua, mikono ameitanguliza kidogo mbele kama mtu anayeingia chumba chenye giza. Jua lilikuwa kali bado. Mstari mweusi ulikuwa kushoto kwake, hatua mbili nzima, mtu yeyote angeuona. Nikamwita, "Kushoto, Baba." Akageuza kichwa kwenye sauti yangu badala ya kugeuka kushoto, akapiga hatua moja kubwa ya kujiamini, akazama wima.

Baba anajua kuogelea. Lakini pale maji yanavuta kuelekea nje, na alipoibuka alianza kuogelea upande wa bahari. Alikuwa anakwenda mbali nasi kwa nguvu zake zote. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mama kiunoni, nikasimama pale katikati. Sijui nilisimama muda gani. Nilikuwa nahesabu nani nimwache.

Nesi alitokea ufukweni na sare yake ya kazi, ufito mkononi. Alikuwa anatoka zamu, amekuja kutazama Meza yake kama imebaki na nafasi.  Akapita pembeni yetu akiufuata weusi, akaketi juu ya jiwe chini ya maji, akauzungusha mguu mmoja kwenye ufa, akaunyoosha mbele ule ufito wake mkongwe. "Shika mti huo, mzee, uko kulia kwako. Kulia. Hapo." Alisema kwa sauti ileile ya foleni. Baba akaushika.

Ufukweni mtoto alitapika kidogo, akaomba ufito wake wa chungwa uliobaki Meza. Mama yake alinishukuru. Alinishukuru mara nyingi, alinishika mikono yote miwili, akasema Mungu amenileta. Karatasi ilikuwa imegandamana kiganjani mwake, na rangi ya bluu ilinishika mimi pia.

Nilimwambia, "Hii karatasi ni yangu. Muda huo niliukosea mimi." Hakuelewa. Alidhani ni mshtuko, akanivika kanga yake.

Baba alikuwa amekaa mchangani, amejikunja, Nesi amechuchumaa mbele yake. Akainua vidole viwili, akauliza vingapi. Baba akasema Nesi aache utani. Akauliza tena. Baba akageuza uso akauelekeza kwangu, karibu na kwangu.

"Sikuisoma," alisema. "Ulipoileta niliona rangi tu, mama. Bluu na nyekundu. Nikasema imependeza."


Alhamisi, 22 Agosti

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nesi anasema kuna madaktari wa macho watakuja zahanati mwezi ujao, jicho moja kwanza, kisha la pili, na wengi wanaona. Baba anasema hataki kukatwa.

Shangazi alijua. Tangu mwaka juzi. Anaamka kabla yake anarudisha kila kitu mahali pake: kikombe, kiti, kisu cha chambo, ndoana kwa namba zake. Mimi nikija likizo nahamisha, yeye anarudisha. Nilikuwa nikimwita mshari humu ndani, kwenye kurasa za daftari hili hili. Leo nimemuuliza mbona hakuniambia.

"Alinikataza. Kaka yangu huyo, siyo shati nimbadilishe."

Nimerudia kila kitu kichwani tangu asubuhi. Mkono begani mwa mgeni. Vidole vinavyofunga mshipi bila kutazama. Msomi wetu atusomee. Nilikuwa na data zote, nikazisoma zote kwa kujitazama mimi.

Jioni Baba aliniita nje. Alisema ameishi kwa kazi hii, watu wa hapa wanamfuata kwa sababu anaijua bahari, na mtu akishaambiwa haoni, hata akisema kweli atasikilizwa kwa huruma tu. Karatasi zikusanywe, sawa. Mama wa nyumba ya wageni aambiwe zimeisha muda. Lakini macho yasitajwe mpaka msimu uishe. Wiki nne.

"Na hao unaowavusha?"

"Naijua Meza kwa nyayo."

"Jana pia uliijua kwa nyayo."

Akakung'uta mchanga miguuni. Kisha akaniomba, na Baba hajawahi kuniomba kitu. Nikamwahidi.


Jumamosi, 24 Agosti

Karatasi za milangoni nimezibandua zote. Plastiki ilikuwa imeshika vizuri.


Jumanne, 27 Agosti

Bamvu. Natembea mbele ya wageni wake nikisema kila kitu kwa sauti: hapa pana utelezi, hapa pana ufa, sasa kulia. Wageni wananiona msumbufu. Baba anafuata sauti yangu na wote tunajifanya ninaongea na wageni.


Alhamisi, 29 Agosti

Leo karibu niteleze mimi. Baba aliyekuwa nyuma yangu alikanyaga nilipokanyaga.


Ijumaa, 30 Agosti

Walimu tisa wa shule moja ya bara wamempigia Baba simu. Watafika Jumapili, wanataka Meza Jumatatu. Jumatatu ulimi utafunguka kama dakika hamsini, labda pungufu. Watu tisa, kwenda na kurudi. Nikamwambia awapeleke ukuta wa bandari, nao una samaki. Akasema wametaja Meza kwa jina, wamesikia habari zake.

Wamesikia kutoka wapi, sikuuliza.

Nimemkumbusha yule mtoto niliyembeba mgongoni. Akasema ndiyo maana safari hii atakuwepo yeye tangu mwanzo.

Haogopi. Hilo nimelielewa leo. Ninaogopa kwa niaba ya watu wawili na mmoja wao hajui.


Jumapili, 1 Septemba

Shangazi ameniuliza kwa nini sili. Nikamwambia nimeahidi jambo baya. Aliendelea kuosha vyombo, kisha akasema yeye aliahidi pia, miaka miwili, na kila siku akiamka anasema leo ndiyo siku maafa yatakapotokea. Na tarehe ishirini na moja yalipotokea, kitu cha kwanza alichohisi ni kwamba sasa atapumzika.

"Aibu gani hiyo," alisema, "ndugu yako anazama na wewe unapumzika."


Jumatatu, 2 Septemba

Nimeshawaambia.

Saa tano walikuwa barazani kwa mama wa nyumba ya wageni, walimu tisa na vindoo vipya, mmoja amevaa kofia ya karatasi aliyoikunja mwenyewe. Baba alikuwa anawasimulia jinsi kolekole anavyokata mshipi. Walikuwa wanacheka. Nilisubiri amalize, sikutaka kumkata kwenye sehemu nzuri.

Nikasema: "Leo hamtakwenda Meza. Baba yangu haoni. Amekuwa haoni muda mrefu na bado anaijua bahari hii kuliko mtu yeyote hapa, lakini haoni pa kukanyaga. Na kama kuna mwenye karatasi yenye jina letu, muda ulioandikwa pale ni wa uongo. Niliuandika mimi, sikupima inavyotakiwa."

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi iwe ndefu zaidi. Ilikwisha pale.

 Mwalimu wa kofia ya karatasi aliivua. Mama wa nyumba ya wageni alinitazama, nikajua amekumbuka ile herufi. Baba alisimama, akatafuta ufito wake pale ulipoegemea, akaukosa, akautafuta tena mbele ya wote. Sikumsogezea. Alipoupata aliuliza, "Umemaliza, mama?" Nikasema nimemaliza. Akateremka ngazi za baraza polepole, peke yake, akihesabu kwa mguu, na kwa mara ya kwanza hakujifanya kwamba hahesabu.

Walimu nimewapeleka ukuta wa bandari. Wamenasa samaki wadogo tu, na mmoja wao aliniuliza kama mzee atakuja kuwaonyesha kile kifundo chake cha kufungia ndoana. Nikasema sijui. Kweli sijui. Amekaa nje ya duka tangu mchana, hajanisemesha wala hajamsemesha Shangazi, na wateja wawili waliopita wamemsalimia kwa sauti kubwa mno, kama wanavyowasalimia viziwi. Hayo nimeyaleta mimi, na nitayasikia kila siku.

Lipo moja bado hajalijua. Kabla ya kwenda barazani nilipita zahanati. Orodha ya madaktari wa macho ilikuwa mezani, Nesi akanipa kalamu akatazama pembeni. Jina la Baba liko namba kumi na moja, Jumanne ya tarehe kumi na saba, jicho la kulia. Pale panapotakiwa saini ya mgonjwa nimeweka yangu.